Mmeoana juzi na mnataka mbwa: mwongozo kamili, kuanzia kwa mwenye nyumba mpaka safari ya Disemba

Mwezi wa nne baada ya harusi yetu, mke wangu alitoka jikoni akanikuta napima uwanja kwa hatua za miguu. Akauliza, "Unapima nini?" Nikamwambia nataka kujua kama banda litaenea pale nyuma ya tangi. "Banda la nini?" La mbwa. "Mbwa gani?"

Ndipo nikagundua kwamba ndani ya miezi minne tulishaongelea majina ya watoto, rangi ya mapazia na deni la ukumbi, ila mbwa nilikuwa nimemposa peke yangu.

Mimi ni Mchaga wa Machame, Mwislamu. Kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kisicho na mbwa ni kama mlango usio na komeo. Mke wangu amekulia Ngamiani, Tanga, na mbwa aliowajua utotoni ni wale koko wa kufukuzwa kwa mawe. Tumepanga nyumba Moshono, Arusha. Kutoka siku ile ya kupima uwanja mpaka mbwa kuingia getini ilipita miezi saba, na sijutii hata mmoja. Matatizo tuliyoyapata baadaye, karibu yote, hayakuanzia kwa mbwa. Yalianzia pale ambapo sisi wawili hatukuwa tumeelewana, naye mbwa akapaona upesi kuliko mama mkwe.

Hatua ya 1: Ongeeni kabla ya kumwona mbwa yeyote

Msianze kwa kwenda "kuangalia tu" watoto wa mbwa kwa rafiki. Ukishampakata, mjadala umekwisha, na atakayesema hapana ataonekana ana roho mbaya. Kaeni nyumbani, chai mezani, daftari mbele yenu, mjibu haya kwa maandishi:

- Nani ataamka saa kumi na moja alfajiri kumfungulia? Siku huyo akiwa safarini, nani?
- Atalala wapi: ndani, barazani au bandani?
- Mnamtaka wa ulinzi, au wa kukaa naye tu?
- Akiumwa ghafla, hela inatoka mfuko gani?
- Mmoja akihamishwa kikazi, mbwa anamfuata nani?
- Mtoto akizaliwa, mbwa anabaki?

Swali la mfuko ndilo lililotuchukua usiku mzima. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayelipa, mimi kwa kuwa yeye ana mshahara wa kila mwezi, yeye kwa kuwa wazo lilikuwa langu. Tukafungua kibubu kwenye simu, kila mmoja anatia kidogo kila mwisho wa mwezi, na hakuna kugusa hata kama gesi imeisha.

Nashauri pia msichukue mbwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya ndoa. Bado hamjajua nani ana usingizi mzito, nani anarudi saa ngapi, wala ndugu gani atakuja "kuwasalimia" akakaa wiki sita. Malizeni madeni ya harusi kwanza. Na tafadhali, usimletee mwenzako mbwa kama zawadi ya kushtukiza. Kiatu kisipomtosha mtu kinarudi dukani. Mbwa akirudishwa, mara nyingi huishia barabarani.

Hatua ya 2: Mwenye nyumba, balozi na majirani

Mikataba mingi ya nyumba za kupanga haisemi lolote kuhusu mbwa, na watu hudhani ukimya ni ruhusa. Tulimpigia mwenye nyumba, akajibu, "Hakuna shida, nyumba si mnakaa nyie." Mwezi mmoja baada ya mbwa kufika akaja kijana wake kukusanya kodi, akakuta mbwa getini, na simu ya jioni ile haikuwa na "hakuna shida" tena. Tuliokolewa na ujumbe wa WhatsApp. Baada ya ile simu ya kwanza, mke wangu, ambaye haamini maneno ya mdomo tangu azaliwe, alikuwa amemwandikia: "Asante kwa kuturuhusu kufuga mbwa mmoja." Naye alijibu kwa dole gumba. Dole gumba lile ndilo lililotuweka pale mpaka leo.

Kwa hiyo ombeni ruhusa, kisha iandikeni. Mkiwa na mwenye nyumba kwenye simu, ulizeni jambo jingine ambalo wachache hulikumbuka: je, kuna mbwa aliyewahi kufia hapo, na alikufa na nini? Virusi vya pavo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua mbwa wadogo, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka, na kufagia hakuviondoi. Kama mbwa wa mpangaji aliyepita alihara damu akafa, msilete hapo mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Chukueni mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.

Kagueni uzio kwa macho ya mbwa, yaani chini. Michongoma hupendeza kwa juu lakini kwa chini ina matundu ya kupita mbuzi. Ukuta wa tofali wenye geti lililoinuka shubiri moja kutoka ardhini haumzuii mbwa mdogo.

Majirani waendeeni kabla, si baada. Sisi tulipita nyumba nne na kwa balozi wa nyumba kumi, tukasema tunataka kuleta mbwa, tukauliza nani ana watoto, nani anafuga kuku wa kuachia. Bibi wa nyumba ya pili alituambia wazi kwamba anaogopa mbwa tangu alipong'atwa akiwa msichana. Tangu siku hiyo, akipita, nasimama kati yake na mbwa, naye ndiye hunipigia simu geti likisahauliwa wazi. Mvisheni mbwa kola siku ya kwanza. Halmashauri huendesha operesheni za kuua mbwa wanaozurura, na asiye na kola huhesabiwa hana mwenyewe.

Hatua ya 3: Suala la dini lisikwepwe

Kwa Waislamu wenzangu hapa ndipo ndoa nyingi changa hukwama, maana mmoja anaona aibu kuuliza na mwingine anaona aibu kujibu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani na bara, mate na unyevu wa mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi kuhusu twahara ya mbwa. Na hadithi zinazokataza kufuga mbwa bila sababu zinatoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wameingiza humo ulinzi wa nyumba. Kama mna shaka, mwendeeni shehe mnayemwamini, wote wawili, siku moja, ili asije mmoja akaleta nyumbani fatwa ya kuchagua.

Kwa vitendo sisi tulifanya hivi. Mbwa haingii ndani. Ana bakuli zake mbili za bati, zina bomba lao nje na sponji yao, nayo haivuki kizingiti. Kuna kanzu ya kazi na viatu vya mpira nyuma ya mlango wa jikoni kwa ajili ya anayemhudumia. Njia ya kutoka chumbani kwenda kwenye bomba la udhu haipiti kwake. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga mara ya kwanza alikagua hayo yote kimya, akanusa sponji, akauliza mkeka wa kuswalia uko wapi. Alikaa siku kumi na nne.

Kwa walio Wakristo, hatua hii inaweza kuwapita haraka, ila ulizeni ndugu wa pande zote mbili. Hofu ya mbwa haina dini.

Hatua ya 4: Hesabu na chakula

Msiniulize bei, kwa sababu bei ya Arusha si ya Kahama wala Mombasa. Nendeni kwa madaktari wa mifugo wawili tofauti na karatasi yenye orodha hii: chanjo ya kichaa, chanjo ya mchanganyiko, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, kuhasi dume au kufunga kizazi jike. Andikeni bei zote mbili. Ongezeni chakula cha mwezi, kola, kamba na banda, kisha jumla muiongezee nusu yake kwa ajili ya ugonjwa. Kama namba inayotoka inawaumiza tumbo, subirini.

Chakula kinastahili maneno mengi, kwa sababu mbwa wengi mitaani kwetu wanalishwa ugali mtupu na bado tunashangaa kwa nini mbavu zinahesabika. Mbwa wetu ana uzito wa kilo 20 hivi. Kwa siku tunampikia gramu 150 mpaka 200 za unga wa dona na gramu 100 za dagaa wakavu, pamoja na kijiko cha mafuta na mboga kidogo kama karoti au boga. Siku ya kuchinja kuku anapata maini na firigisi. Jumamosi tunapitia buchani kuchukua mapupu. Gawanyeni mara mbili, asubuhi na jioni. Mtoto wa mbwa ale mara tatu au nne.

Dagaa wawe wale wasio na chumvi. Wachambue, utoe mchanga kwa kuwaosha mara tatu, uwachemshe mpaka wavunjike, ndipo utie unga juu yao. Usipike ugali kando ukamwaga dagaa juu, maana mbwa mwerevu atakula dagaa na kukuachia ugali. Wetu alifanya hivyo wiki nzima, ugali unabaki safi kama haujaguswa.

Vitu vya kutompa kabisa: vitunguu maji na vitunguu saumu, hata ndani ya mchuzi, zabibu, chokoleti, na mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo. Na hili naomba lisomwe mara mbili: mahindi au unga ulioota kuvu si chakula cha mbwa. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huua mbwa pia, tena kwa kipimo kidogo. Tabia ya kusema "huu umeharibika, mpikie mbwa" imezika mbwa wengi ambao wenyewe waliamini wamerogwa.

Hatua ya 5: Kumtafuta

Kuna njia nne za kawaida, na sizipi uzito sawa.

Vituo vya uokoaji ndivyo ningeanzia. Karibu na Arusha kuna Mbwa wa Africa. Walioko Nairobi wanaijua KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoko Karen. Faida yake si mbwa tu, ni watu wanaomjua huyo mbwa: anaogopa wanaume, anapenda watoto, anakula kuku. Mtahojiwa pia. Msichukie, ni dalili nzuri.

Ya pili ni watu wanaohama. Arusha hawakosekani, kuanzia wageni wanaomaliza mikataba mpaka watumishi wanaohamishiwa Dodoma. Mbwa wetu tulimpata hivyo, jike la miezi kumi, huko Sakina. Familia ilikuwa inafunga makochi kwa kamba, naye kafungwa chini ya mparachichi. Tulipouliza jina lake, mtoto wao akasema, "Tunamwita We."

Ya tatu ni jirani ambaye mbwa wake amezaa. Hapa msichukue mtoto kabla hajafikisha wiki nane. Zile wiki za mwisho na mama yake na ndugu zake ndizo anazojifunza kwamba meno yanauma. Muombeni mumwone mama. Mama mwenye woga au ukali hulea watoto wa aina hiyo.

Ya nne ni wauzaji wa barabarani wanaoinua kijibwa chenye manyoya kwenye dirisha la gari na kukiita "jamani shepadi". Mimi sinunui huko wala simshauri mtu. Wengi wametolewa kwa mama zao mapema mno, kadi ya chanjo ni ya kuandikwa kwa kalamu ileile siku ileile, na ule utulivu mnaousifia mara nyingi ni homa.

Popote mtakapoenda, mkagueni hivi. Macho yasiyo na machozi wala tongo. Ufizi wa rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, fikirieni minyoo au homa ya kupe. Tumbo lisiwe limevimba kama ngoma kwenye mwili mwembamba. Inueni mkia muone kama kuna alama za kuhara. Kisha mmoja wenu achuchumae, asimwite, asubiri dakika tano. Anayekuja kunusa akarudi nyuma kisha akaja tena ndiye ninayemtaka mimi. Anayejificha pembeni akitetemeka anahitaji mtu mwenye muda mwingi kuliko mlio nao mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mkubwa au mtoto? Kama nyote mnatoka saa moja na kurudi jioni, chukueni mkubwa, mwenye mwaka au zaidi, au wa miezi kumi kama wetu. Kijibwa cha wiki nane hakiwezi kubana mkojo mchana kutwa, na upweke humfundisha kulia, kutafuna na kuchimba.

Hatua ya 6: Banda

Sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, mlango usiotazamana na upepo wa mvua, paa lenye kivuli juu yake. Bati tupu juani mchana ni tanuri. Ukubwa uwe wa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Likiwa kubwa mno halimpi joto Juni na Julai, na wanaoijua baridi ya Arusha wananielewa. Fundi wetu alimaliza kwa siku moja na nusu, akaacha misumari miwili imechomoza ndani. Ingizeni mkono mpapase kabla ya mbwa.

Mnyororo wa kutwa nzima sitaki hata kuujadili. Unamjenga mbwa mwoga na mkali, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Kama lazima afungwe kwa muda, tumieni kamba ndefu kwenye waya uliovutwa kati ya nguzo mbili ili aweze kutembea.

Hatua ya 7: Siku ya kumleta na usiku wa kwanza

Nendeni asubuhi, siku ambayo kesho yake hamna kazi. Asile saa chache kabla ya safari. Ombeni kitambaa au gunia alilolalia, lenye harufu ya kwao.

Sisi bajaji tatu zilitukatalia. Ya nne ilikubali kwa nyongeza, tukamlaza kwenye gunia miguuni petu. Tulivuka mjini salama, tukafika Kijenge, akatapika ugali wote juu ya kiatu changu cha harusi. Dereva aligeuka mara moja tu, akasema, "Huyo sasa ni wenu kweli."

Mkifika, msimwite kila mtu aje kumwona. Mzungusheni uwanjani kwa kamba, mumwonyeshe maji, banda na mahali pa haja, kisha kaeni karibu naye bila kumshikashika. Watu wanaookoa mbwa huhesabu kwa tatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Kwetu siku ya tatu ndiyo aliyokula vizuri, na wiki ya pili ndiyo aliyobweka mara ya kwanza. Alijishtua mwenyewe.

Usiku wa kwanza atalia. Saa nane usiku sauti ile hupenya ukuta wa tofali. Hapa ndipo yale maandishi ya daftari yanapopimwa. Mimi nilitaka kumfokea anyamaze. Mke wangu, yule aliyesema hataki kumwona, alijifunga kanga akatoka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mita mbili kutoka bandani, akawa anapitia simu yake bila kusema neno mpaka alipolala. Usiku wa pili alikaa nusu saa. Wa tatu hakutoka. Ndiyo njia niliyoiona ikifanya kazi: mtu awepo, asimbembeleze, asimwadhibu.

Jina alimpa yeye pia: Bofulo, yaani mkate kwa watu wa Pwani, kwa rangi yake ya mkate uliookwa vizuri. Watu wa Arusha wanacheka nikimwita getini. Chagueni fupi, na lisifanane na amri mtakazotumia.

Hatua ya 8: Daktari wa mifugo ndani ya wiki ya kwanza

Mbwa mwenye afya naye aende. Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari; muulizeni tu, hatachukia. Mtaani kwetu kila mwenye begi la sindano huitwa bwana mifugo, na si wote wana ujuzi sawa. Mmoja alimchoma mbwa wa rafiki yangu chanjo iliyokuwa imekaa kutwa nzima kwenye mfuko wa koti. Chanjo isiyowekwa kwenye baridi ni maji ya bei ghali.

Chanjo ya mchanganyiko, inayozuia pavo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa), huanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Mpaka hapo mtoto wa mbwa asitembezwe mitaani. Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, kila mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Wajawazito walichukulie hili kwa uzito, na kinyesi kiokotwe kila siku, kwa sababu minyoo ya mbwa huingia pia kwa watu.

Kupe ni adui wa kila siku. Mpapaseni ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Msitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria kwa jicho. Nimeona mbwa akipepesuka na kutokwa mate kwa sababu mtu aliona kifuniko kimoja hakitoshi, akaongeza kingine.

Sasa kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Halmashauri nyingi huchanja bure au kwa bei ndogo kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo sikilizeni matangazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno hata kutajwa. Lakini unazuilika. Pemba wamewahi kuutokomeza kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, hata wa kwenu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, utazame saa, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano. Usitie pilipili, mafuta ya taa, manyoya ya mbwa aliyeng'ata wala unga wa dawa za kienyeji. Mbwa asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa. Mbwa hufuatiliwa kwa siku 10, na hali yake huwasaidia madaktari kuamua.

Kufunga kizazi: jike hupata joto mara ya kwanza kati ya miezi sita na kumi na miwili, hubeba mimba siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto sita au nane ambao hakuna aliyewaomba. Wetu alifungwa mwezi wa pili tangu afike. Alirudi amelewa dawa, akalala akikoroma kwenye stoo usiku mzima kwa ruhusa maalumu. Ruhusa ile, masika yalipofika, ikawa ya kudumu. Stoo si ndani, mke wangu anasema.

Hatua ya 9: Kubalianeni maneno

Mimi nilikuwa namwambia "shuka" akinirukia, mke wangu anamwambia "toka", na mdogo wake aliyekuja likizo anamwambia "we, acha". Bofulo akaamua hayo yote maana yake ni kuruka zaidi. Tukaandika maneno matano kwenye mlango wa jikoni: kaa, njoo, acha, shuka, bandani. Kila mtu anatumia hayohayo, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Akifanya, anapata kipande cha dagaa sekunde ileile, si baada ya kumaliza kumsifia. Wiki mbili zilitosha kwa "kaa". "Njoo" bado inategemea kuna nini upande wa pili wa geti.

Haja: mtoeni akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Mkikuta amekosea, futeni tu. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha akikojoa. Matembezi yawe alfajiri, mitaa ikiwa mitupu, kwa kamba fupi. Watoto wa mtaani watamtupia mawe mwanzoni. Wawili kati yao niliwaomba wanisaidie kushika kamba, na mawe yakaisha.

Msimgeuze hakimu wenu pia. Kuna jioni tulinuniana, kila mmoja akawa anaongea na mbwa ili mwenzake asikie. "Bofulo, mwambie huyo bwana chakula kipo mezani." Mbwa akakaa katikati, akatuangalia kwa zamu, akaenda kulala.

Hatua ya 10: Disemba

Wachaga tunapanda mlimani, yaani kwetu Kilimanjaro, Disemba, na huko ndiko mbwa wengi wa Arusha na Dar es Salaam wanakosahaulika. Pangeni mwezi mzima kabla. Kumpeleka kijijini kwenye gari lililojaa ndugu ni mateso, na mbwa wa kule watamtafuta ugomvi. Kumwachia mlinzi "atakula mabaki" si mpango. Tulimlipa kijana wa yule bibi wa nyumba ya pili, mwenye miaka kumi na saba, tukamwita aje kumlisha siku tatu mfululizo tukiwepo, tukaacha unga na dagaa vimepimwa kwenye mifuko kumi na mbili ya siku kumi na mbili, na karatasi hii tumeibandika juu ya bomba:

"Saa 12 asubuhi: maji mapya, mfuko nusu. Jioni saa 12: nusu iliyobaki. Geti lifungwe KABLA ya kumfungulia. Sponji ya bluu ni yake, isiingie ndani. Asipokula mara mbili mfululizo piga simu, hata usiku. Namba ya daktari iko nyuma ya karatasi. Akilia usiku, mama anasema: ndoo ipo, kaa tu."